Filamu za Uanafunzi na Ushuhuda wa Mtunzi: Mfano wa Charles Burnett

Utangulizi

Swali ambalo uhakiki wetu umelishughulikia kwa nadra ni hili: kazi aliyoitunga msanii angali mwanafunzi ihakikiwe vipi? Kwa kawaida tumekuwa na mazoea mawili. La kwanza ni kuiona kazi hiyo kuwa mbegu, yaani kuisoma kwa kusaka dalili za ukomavu uliokuja baadaye. La pili ni kuisamehe: kasoro zake hutajwa kwa upole, kisha mhakiki huharakisha kuzifikia kazi anazoziona kuwa kubwa. Katika mazoea yote mawili kazi ya uanafunzi hupimwa kwa mizani ya kazi ambazo hazikuwapo wakati ilipotungwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulijali suala hili. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya zake mbili za kwanza akiwa mwanafunzi wa Makerere, na tamthilia yake The Black Hermit ilionyeshwa jijini Kampala mwaka 1962 angali chuoni humo. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, nayo ni zao la miaka ya usomi wake Dar es Salaam. Baadhi ya kazi tunazozifundisha kama nguzo za fasihi ya eneo letu, kwa hivyo, ni kazi za wanafunzi.

Suala linatatanisha zaidi pale ambapo mtunzi mwenyewe anageuka na kuitazama kazi yake ya awali, kama alivyofanya Ngũgĩ katika kumbukumbu zake za Makerere, Birth of a Dream Weaver (2016). Hapo mhakiki huwa na matini mbili mbele yake: kazi yenyewe na ushuhuda wa mtunzi kuihusu. Wimsatt na Beardsley walituonya tangu mwaka 1946 kwamba nia ya mtunzi haiwezi kuwa kipimo cha kazi yake. Onyo hilo lina maana, lakini halituambii tuufanyie nini ushuhuda ukishatolewa. Makala haya yanashikilia kwamba ushuhuda wa aina hiyo usikubaliwe kama ufunguo wala usitupwe kama porojo. Unafaa kusomwa kama hoja, na hoja hupimwa kwa ithibati.

Mfano tutakaoutumia ni wa Charles Burnett, mtunzi wa filamu wa kujitegemea kutoka Marekani, na hasa filamu yake Killer of Sheep (1977). Tunatumia neno "mtunzi" kwa makusudi, kwa maana katika filamu hiyo Burnett ndiye aliyeandika mswada, akaelekeza, akashika kamera, akahariri na kugharimia. Tutaonyesha kwamba anapoitazama nyuma kazi hiyo, Burnett huutetea uanafunzi kuwa hali ya uhuru. Kwamba utetezi huo unathibitishwa na kazi zake kwa kiasi kikubwa. Lakini kwamba uhuru ule ule ndio uliomfungia mlango wa hadhira kwa miaka 30.

Muktadha wa Utunzi

Burnett alizaliwa mwaka 1944 mjini Vicksburg, jimbo la Mississippi, akahamia na jamaa zake Los Angeles akiwa mtoto mdogo. Alikulia mtaa wa Watts, makao ya Wamarekani Weusi wengi waliotoka Kusini kutafuta ajira, na ambao ulilipuka kwa ghasia mwezi wa Agosti mwaka 1965. Alisomea kwanza ufundi wa umeme kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA). Alikaa chuoni humo takriban mwongo mmoja, hadi alipotunukiwa shahada ya uzamili mwaka 1977. Killer of Sheep ndiyo iliyokuwa tasnifu yake.

Mazingira ya chuo hicho yana umuhimu katika hoja yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kutokana na shinikizo la wanafunzi na juhudi za mhadhiri Elyseo Taylor, kulianzishwa mpango wa kuwaingiza katika masomo ya filamu vijana wa jamii zilizokuwa zimeachwa nje. Kwa njia hiyo na nyinginezo kilikusanyika kizazi cha watunzi Weusi: Haile Gerima wa Ethiopia, Larry Clark, Julie Dash, Billy Woodberry na wengineo. Baadaye Teshome Gabriel, Mwethiopia mwingine, alifundisha huko nadharia ya sinema ya Ulimwengu wa Tatu. Mhakiki Clyde Taylor alilipa kundi hili jina la Uasi wa Los Angeles katika miaka ya 1980, na jina hilo limedumu.

Wanafunzi hawa walifanya kazi kwa kubadilishana majukumu. Aliyekuwa mwelekezi leo alikuwa mshika kamera wa mwenzake kesho. Burnett alikuwa miongoni mwa wapiga picha wa Bush Mama ya Gerima, na baadaye akaandika mswada wa Bless Their Little Hearts (1984) ya Woodberry na kuipigia picha. Anapokumbuka miaka hiyo Burnett huwataja pia walimu wake, hasa Basil Wright, Mwingereza aliyetengeneza Song of Ceylon (1934), ambaye Burnett anasema alimfunza kumheshimu mtu anayepigwa picha. Kwa hiyo tunapozungumzia utunzi wa kujitegemea hapa, tusidhani kwamba ni utunzi wa mtu aliyejitenga. Aliyejitegemea ni kundi, na kilichoepukwa ni studio za Hollywood na masharti yao.

Kazi Mbili za Awali

Kabla ya tasnifu yake Burnett alitengeneza filamu fupi mbili zinazostahili kuangaliwa. Several Friends (1969) ni filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, inayochukua muda usiozidi nusu saa. Inawaonyesha marafiki kadhaa wa Watts wakiwa katika shughuli ambazo hazifiki mwisho: wanatengeneza gari, wanapiga soga, wanahangaika na mashine ya kufulia isiyopenya mlangoni. Haina msuko kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Tukio moja halizai jingine. Matukio yanakaa kando kando kama watu waliokaa kibarazani.

The Horse (1973) ni tofauti kabisa. Ni filamu ya rangi, ya takriban dakika 14, na mandhari yake ni shamba badala ya mtaa. Mvulana Mweusi anamliwaza farasi mgonjwa anayengojewa kuuawa, huku Wazungu kadhaa wakisubiri kwenye baraza ya nyumba iliyochakaa. Maneno ni machache. Anayekuja kufyatua risasi ni baba wa mvulana huyo. Uzito wote umewekwa katika kungoja, wala si katika kifo chenyewe.

Anayezisoma filamu hizi kwa mazoea ya mbegu ataona humo malighafi ya Killer of Sheep: Watts kutoka ya kwanza, kuuawa kwa mnyama kutoka ya pili. Usomaji huo si wa uongo, ila unaficha jambo la msingi zaidi. Filamu hizi mbili ni majaribio yanayokinzana. Moja inalegeza umbo hadi karibu litoweke. Nyingine inalikaza hadi liwe fumbo. Mwanafunzi aliyezitengeneza hakuwa akielekea mahali pamoja palipojulikana. Alikuwa akijibu swali lile lile, yaani namna ya kuonyesha uonevu bila kuuhubiri, kwa njia mbili zisizofanana. Kila filamu ni jibu kamili, na ina haki ya kuhakikiwa hivyo.

Ushuhuda wa Mtunzi

Katika mahojiano ya miaka mingi Burnett ameeleza mambo mawili kuhusu Killer of Sheep mara kwa mara. La kwanza ni kwamba filamu ilikuwa jibu kwa baadhi ya filamu za kisiasa za wanafunzi wenzake, ambamo mfanyakazi hunyanyaswa, huamka kifikra, hujiunga na chama, na tatizo likatatuka. Burnett anasema watu aliokua nao hawakuwa na maisha ya namna hiyo; ushindi wao ulikuwa kustahimili siku moja na kuifikia ya pili. Jambo la pili ni kwamba hakuitengeneza filamu kwa ajili ya majumba ya sinema. Ilikuwa kazi ya chuo, iliyopigwa zaidi siku za mwisho wa juma kwa gharama isiyofika dola 10,000, na wengi wa waigizaji wake hawakuwa wa kulipwa.

Tukilipima dai la kwanza kwa filamu yenyewe, tunaliona linasimama imara. Stan, mhusika mkuu, ni mfanyakazi wa kichinjio cha kondoo ambaye uchovu umemnyima usingizi na hamu ya mkewe. Katika tukio linalokumbukwa zaidi, yeye na rafiki yake Eugene wananunua injini kuukuu, wanaiteremsha ngazini kwa taabu na kuitweka kwenye ukingo wa pikapu. Hawaisukumi ndani. Gari linapoanza kupanda mwinuko, injini inaporomoka na kuharibika. Wanaitazama, kisha wanaendelea na safari. Kamera imewekwa nyuma ya gari, nasi tunaiona injini ikisinyaa barabarani kadiri tunavyoondoka. Mtunzi mwenye somo la kufundisha angetuonyesha uso wa Stan, au angempa maneno ya kutuelekeza. Burnett anatuacha na umbali unaoongezeka. Pesa zimepotea, nguvu zimepotea, na hakuna wa kulaumiwa ila wale wale walioumia.

Hali kadhalika safari ya mapumziko inayokatizwa na pancha. Gurudumu la akiba halipo, na wote wanarudi nyumbani kwa gari linalochechemea. Tukio hili halina athari yoyote kwa matukio yanayolifuata. Msuko wa filamu umejengwa kwa juhudi zinazokatika, na kwa hiyo umbo lenyewe ndilo linalobeba dhamira. Hapa tunaona jinsi Several Friends ilivyokuwa na hoja tangu mwanzo.

Hata hivyo kuna sehemu ambapo ushuhuda wa Burnett unapunguza mchango wa sanaa yake. Anapoisifu filamu kwa kuonyesha maisha jinsi yalivyo, huwapa nafasi wale wanaoichukulia kama rekodi tu ya Watts. Wengi wameilinganisha na uhalisia mpya wa Italia, na ulinganisho huo unafaa kwa kadiri fulani. Lakini tazama jinsi picha za watoto wanaocheza katika vifusi na kwenye reli zinavyofuatana na picha za kondoo wanaoswagwa kwenda kuchinjwa. Hakuna mhusika anayeulinganisha mfuatano huo. Ni uhariri unaosema. Tazama pia binti wa Stan anayejitokeza amevaa barakoa ya mbwa, na wimbo wa Paul Robeson, The House I Live In, unaowekwa juu ya watoto waliozungukwa na uchakavu. Wimbo huo wa miaka ya 1940 unaisifu Marekani kama nyumba ya wote, na picha zinauuliza nyumba hiyo ni ya nani. Hii ni kejeli iliyopimwa, wala haikuokotwa mtaani. Kwa hiyo pale ambapo mtunzi anasema alionyesha tu, mhakiki ana wajibu wa kusema kwamba alitunga.

Kwa nini basi ushuhuda uwe wa unyenyekevu kiasi hicho? Kwa maoni yetu unyenyekevu huo ni msimamo wa kisanaa. Kusema kwamba filamu haikukusudiwa soko ni kusema kwamba haikulazimika kuwa na shujaa, wala kuwa na mwisho mwema, wala kuwaeleza wageni maisha ya wenyeji. Mke wa Stan, aliyeigizwa na Kaycee Moore, anawakabili ngazini wanaume wawili waliokuja kumwingiza mumewe katika njama ya kuua. Katika filamu ya soko tukio hilo lingekuwa kilele. Hapa ni siku mojawapo. Hali ya uanafunzi ndiyo iliyowezesha chaguo hilo, kwa kuwa hapakuwa na msambazaji aliyengoja matokeo.

Gharama ya Uhuru

Inaweza kudaiwa kwamba tunaupamba ufukara kwa jina la uhuru. Dai hili ni zito, na jibu lake limo katika historia ya filamu yenyewe.

Burnett alitia katika filamu nyimbo na muziki wa aina nyingi: Robeson, Dinah Washington, blues, kundi la Earth, Wind and Fire, hata muziki wa kitaalamu wa Kizungu na ule wa William Grant Still. Alitaka filamu iwe pia hazina ya sauti za Wamarekani Weusi. Kwa kuwa ilikuwa kazi ya chuo, hakununua haki za nyimbo hizo. Matokeo yake, filamu haikuweza kuonyeshwa kibiashara. Ilisifiwa na wahakiki katika tamasha la Berlin mwaka 1981, na mwaka 1990 ikaingizwa katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa na taifa ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ilhali watu waliokuwa wameiona walibaki wachache. Ilizunguka katika vyuo, makavazi na matamasha, kwa nakala za milimita 16 zilizozidi kuchakaa.

Ni hifadhi ya filamu ya UCLA, kupitia kazi ya Ross Lipman, iliyoirekebisha kwa ukanda wa milimita 35. Kampuni ya Milestone ilisambaza nakala hiyo mwaka 2007, baada ya haki za muziki kulipiwa takriban dola 150,000, kwa msaada wa mwelekezi Steven Soderbergh miongoni mwa wengine. Tulinganishe: kuzihalalisha nyimbo kuligharimu zaidi ya mara 15 ya gharama ya kuitengeneza filamu nzima. Uhuru wa mwanafunzi wa kutumia wimbo aliouhitaji, na kifungo cha miaka 30 kilichofuata, vilitokana na hali moja. Kwa hiyo ushuhuda wa Burnett kwamba kazi haikukusudiwa majumba ya sinema ni kweli, lakini una pande mbili, na upande wa pili ni watu wa Watts ambao hawakupata kuiona hadithi yao sinemani kama watu wengine.

Athari zake zinaufikia uhakiki moja kwa moja. Wimbo mmoja, Unforgettable ulioimbwa na Dinah Washington, haukupatikana mwaka 2007. Ulikuwa umewekwa kwenye tukio la mwisho, Stan akiwa kazini na kondoo. Mahali pake pakawekwa This Bitter Earth wa mwimbaji yule yule, ambao tayari ulikuwa umesikika katika tukio la Stan na mkewe wakicheza dansi chumbani, kabla ya Stan kujiondoa na kumwacha mkewe dirishani. Badiliko hilo si dogo. Katika nakala ya 2007 mwisho unaturudisha kwenye dansi ile. Upweke wa chumbani na kazi ya kichinjioni vinafungamanishwa kwa sauti moja, na filamu inakuwa duara. Katika nakala asilia wimbo wa mapenzi usiosahaulika unawekwa juu ya wanyama ambao hakuna atakayewakumbuka. Kejeli ni kali zaidi, na duara halipo. Mhakiki aliyesifu umbo la duara la filamu hii baada ya 2007 alikuwa akiusifu mkataba wa hakimiliki bila kujua. Marekebisho mapya yaliyotolewa mwaka 2025 yameurejesha wimbo wa awali, na kwa hivyo sasa tunaweza kuzisoma tamati zote mbili kwa pamoja.

Kukata na Kuacha

Ushuhuda wa mtunzi haumo katika maneno peke yake. Umo pia katika anachokirekebisha na anachokiacha. My Brother's Wedding (1983), filamu ndefu ya pili ya Burnett, ilitengenezwa kwa fedha za watu wengine, ikapelekwa kwenye tamasha kabla hajaridhika na uhariri wake. Mwaka 2007 aliihariri upya, akaipunguza kutoka karibu saa mbili hadi takriban dakika 80. Killer of Sheep, iliyorudi hadharani mwaka huo huo, hakuikata.

Twaona hapa kinyume cha matarajio yetu. Tungedhani kwamba mtunzi mkomavu atataka kuisahihisha kazi ya uanafunzi na kuiacha ile ya kitaaluma. Burnett alifanya kinyume, kwa sababu kazi ya chuoni ndiyo aliyoimaliza kwa wakati wake na kwa hukumu yake mwenyewe. Isitoshe, alipotengeneza filamu fupi When It Rains (1995) aliirudia mbinu ya miaka ya uanafunzi: mtaa wa Watts, juhudi ndogo ya kumchangia mama mmoja kodi ya nyumba, na msururu wa milango inayobishwa mmoja baada ya mwingine. Kama uanafunzi ungekuwa hatua ya kupitwa tu, asingeirudia akiwa na umri wa miaka 50 na ushei, na tayari akiwa na To Sleep with Anger (1990) nyuma yake. Wakati Chuo cha Sanaa na Sayansi za Filamu cha Marekani kilipomtunuku Oscar ya heshima mwaka 2017, tasnifu yake ya mwaka 1977 ndiyo iliyokuwa bado mstari wa mbele kila alipotajwa.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kazi ya uanafunzi ihakikiwe kwa masharti ya wakati wake, na kwamba ushuhuda wa mtunzi juu yake ni hoja inayopaswa kupimwa. Ushuhuda wa Burnett umetusaidia kuliona umbo la juhudi zinazokatika. Umetupotosha kidogo kuhusu kiwango cha usanifu. Aidha umetuonyesha, pengine bila kukusudia, kwamba uhuru dhidi ya soko huhitaji taasisi ya kuulinda kazi inapokwisha kutengenezwa.

Funzo hili la mwisho linatuhusu. Isingekuwa hifadhi ya chuo chake, filamu tuliyoijadili ingebaki jina katika orodha. Katika idara zetu miswada ya tamthilia, diwani na sasa filamu za wanafunzi husahihishwa, hupewa alama, kisha hupotea. Filamu imekwisha kuingizwa katika Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu la Kenya, na nyingi za kazi hizo zimo kwenye simu na tarakilishi za waliozitengeneza. Tunapendekeza kwamba kila idara ianze kuweka nakala ya kila kazi ya utunzi inayowasilishwa kwa mtihani, pamoja na jina, mwaka, na orodha ya nyimbo au matini nyingine zilizotumiwa humo na hali ya hakimiliki zake. Gharama yake ni rafu moja na mtu wa kuitunza, na atakayezihakiki kazi hizo miaka 30 ijayo atazipata.